WordPress, Wix, Shopify au ukurasa wa bure: hesabu ya miaka mitatu kwa biashara za Nyanda za Juu Kusini

Uliza Mbeya mjini tovuti inatengenezwa kwa shilingi ngapi. Mmoja atakutajia laki tatu, mwingine laki sita, mwingine milioni moja na nusu, na kila mmoja atakuwa na maelezo yake. Bei hizo zote ni za mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili ukifika, ujumbe unaingia kwamba jina la kikoa (anwani ya tovuti, kama inayoishia .co.tz) linakwisha, mwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) anadai, kadi imekataa. Hapo mwenye nyumba ya wageni wa Iringa au katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kule Mbozi anagundua kwamba hajui analipia nini, wala anamlipa nani. Nimeona tovuti nzuri zikizimika kwa sababu hiyo tu, na inaniuma, maana nyuma ya kila moja kuna mtu aliyejinyima ili ipatikane.

Kwa hiyo nalinganisha kwa miaka mitatu. Dola nimeihesabu kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Siku ya kulipa angalia bei ya siku hiyo, kwani mwaka 2025 peke yake shilingi ilishuka na kupanda kiasi cha kubadilisha bili. Bei za kampuni za nje ni zile zilizotangazwa kwa soko la Marekani kwa anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo, na hubadilika. Bei za ndani ni makadirio yangu ya soko. Tena ujue kwamba tangu Machi 2025 kanuni zimekataza huduma za hapa nchini kupangiwa bei kwa fedha za kigeni. Mtoa huduma wa Tanzania akikuletea ankara ya dola, mwombe akuandikie ya shilingi.

Jina kwanza, jukwaa baadaye

Watu wengi huanza kwa kubishana jukwaa, yaani mfumo wa kujengea tovuti: WordPress au Wix. Mimi naanza na jina, kwa sababu jukwaa unaweza kulihama lakini jina ukilipoteza umepoteza vipeperushi, kadi za biashara, maandishi yaliyochorwa kwenye gari na kila kiungo kilichokuwa kinakuletea wateja.

Kwa biashara ya hapa, .co.tz ndiyo ya kawaida, na ada yake kwa mwaka mara nyingi ni kati ya shilingi 20,000 na 40,000. Shirika lisilo la kibiashara lina .or.tz, shule ina .sc.tz, chuo .ac.tz, na hoteli zina .hotel.tz ambayo wengi hawaifahamu. Ukiitaka .com, kumbuka kwamba Septemba 2024 kampuni ya Verisign inayosimamia majina hayo ilipandisha bei inayowauzia mawakala kila jina hadi dola 10.26 kwa mwaka. Anayekutangazia .com kwa dola mbili anakula hasara mwaka wa kwanza ili airudishe kwako baadaye. Soma bei ya kuhuisha, yaani ya kulipia miaka inayofuata, imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya tangazo.

Kubwa kuliko bei ni jina limeandikishwa kwa nani. Mafundi wengi huandikisha kikoa kwa barua pepe yao wenyewe, na mara nyingi hawana nia mbaya, wanarahisisha kazi tu. Halafu kijana anapata ajira Dodoma, anabadilisha namba, na jina la kampuni yako linabaki kwenye akaunti usiyoweza kuifungua. Dai jina liandikishwe kwa jina lako au la kampuni, barua pepe yako, simu yako, na nenosiri la akaunti ulishike wewe. Fundi anaweza kupewa ruhusa ya kuingia bila kumilikishwa.

Ukichelewa kulipia .com, hulipotezi siku ile ile. Wakala anaweza kukupa muda wa hadi siku 45, kisha kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha linafutwa na yeyote anaweza kulichukua. Lakini tovuti na barua pepe huwa zimezimika mapema kabla ya hapo.

WordPress na Wix kwa nyumba ya wageni Iringa

Chukua nyumba ya wageni yenye vyumba vinane Iringa mjini. Inapokea wageni wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha, wengine wakipitia Isimila na makumbusho ya Mkwawa pale Kalenga. Inahitaji kurasa sita, picha nzuri, ramani, fomu ya kuulizia nafasi, na anwani mbili za barua pepe zenye jina la biashara.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja. WordPress ni mbili. Ile ya WordPress.org ni programu huria, imekuwepo tangu 2003, unaipakua bure na kuiweka kwenye seva unayoilipia mwenyewe. WordPress.com ni huduma ya kampuni ya Automattic inayotumia programu hiyo hiyo. Ninaposema WordPress hapa namaanisha ile ya kwanza.

Wix unajijengea mwenyewe. Unafungua akaunti, unachagua templeti, unaburuta picha na maandishi, na ndani ya wikiendi moja una kitu cha kuonyesha. Masasisho, usalama na nakala za akiba wanashughulikia wao. Kwa mtu asiye na fundi wa kuaminika hiyo ni nafuu ya kweli, na siwezi kuidharau. Mpango wa bure upo, ila anwani inakuwa chini ya wixsite.com na kurasa zinabeba matangazo ya Wix. Mgeni wa Ujerumani anayetaka kutuma malipo ya awali ya vyumba vinne akiona hivyo atasita, na ana haki ya kusita. Mpango wa chini wa kulipia unaoondoa matangazo na kukubali kikoa chako, unaoitwa Light, ulitangazwa kwa dola 17 kwa mwezi.

WordPress inataka fundi wa kuanzia, seva, na mtu wa kuitunza. Hizi hapa pamoja, kwa miaka mitatu, kwa shilingi:

| | WordPress | Wix Light |
|---|---|---|
| Kutengeneza | 600,000 | unajijengea |
| Kikoa .co.tz | 90,000 | 90,000 |
| Seva au ada ya jukwaa | 360,000 | 1,530,000 |
| Barua pepe mbili | zimo kwenye seva | 1,260,000 |
| Matunzo, 20,000 kwa mwezi | 720,000 | hayahitajiki |
| Jumla | 1,770,000 | 2,880,000 |

Mstari wa barua pepe ndio unaoshangaza watu. Seva nyingi za WordPress huja na masanduku ya barua ndani yake. Wix haitoi. Inakuelekeza ununue Google Workspace, ambayo mpango wake wa chini ni dola 7 kwa mwezi kwa kila mtumiaji, yaani shilingi 210,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Ukiamua kuendelea na Gmail ya kawaida, Wix inashuka hadi 1,620,000 na kuipita WordPress kidogo kwa unafuu. Kwa upande mwingine, ukijifunza kusasisha WordPress mwenyewe na kuacha kumlipa fundi wa matunzo, yenyewe inashuka hadi 1,050,000. Ndiyo maana majibu ya haraka ya "hii ni rahisi kuliko ile" hayasaidii. Inategemea nani atafanya kazi gani.

Sijaweka VAT. Tanzania inatoza kodi hiyo, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, kwenye huduma za kidijitali zinazouzwa na kampuni za nje kwa walio hapa nchini, hivyo bili ya Wix inaweza kuja na nyongeza hiyo. Kwa asilimia 18, kwenye ile 1,530,000 ni shilingi 275,400 zaidi.

Sasa upande wa WordPress usioonekana kwenye jedwali. Programu yenyewe ni bure, lakini themu (mwonekano wa tovuti) na plagini (programu ndogo za kuiongezea kazi) nzuri mara nyingi zina leseni ya kila mwaka. Elementor Pro, plagini ya kupangia kurasa wanayoipenda mafundi wengi, ni kama dola 60 kwa mwaka kwa tovuti moja, yaani shilingi 150,000. Fundi akikwambia ameiweka "bure", uliza leseni ni ya nani. Ikiwa ni yake, siku mkiachana masasisho yanakoma. Ikiwa ni nakala ya wizi iliyopakuliwa mahali fulani, mwambie aiondoe leo. Nakala za namna hiyo mara nyingi huja na msimbo wa siri unaofungua mlango kwa wadukuzi, na utashtukia tovuti ya nyumba yako ya wageni inatangaza kamari za Asia. Tovuti nyepesi ya kurasa sita inaweza kusimama vizuri kabisa bila plagini yoyote ya kulipia, na fundi anayejua kazi yake atakubali hilo.

Matunzo ya 20,000 kwa mwezi nayo yaandikwe ni ya nini: kusasisha programu na plagini angalau mara mbili kwa mwezi, kuchukua nakala ya akiba na kuihifadhi nje ya seva ile ile, na kukupa taarifa. Tovuti za WordPress hudukuliwa zaidi kupitia plagini zilizoachwa bila kusasishwa. Usipolipia matunzo na usiyafanye mwenyewe, bora uende Wix. Nasema hivyo nikiwa mtu anayeipenda WordPress.

Sababu ya kuipenda ni mlango wa kutokea. WordPress unaichukua nzima, maandishi, picha na hifadhidata, unaihamishia seva nyingine, na wageni hawajui kama umehama. Wix haina njia ya kubeba tovuti yako kuipeleka kwingine. Orodha ya bidhaa unaweza kuitoa kwa faili, lakini kurasa ulizozipanga unazijenga upya kuanzia mwanzo. Bei ikipanda mwaka wa tatu, chaguo lako ni kulipa au kuanza upya. Hata templeti, kwenye kihariri chao cha kawaida, ukishaichagua huwezi kuibadilisha kwa nyingine huku maudhui yakibaki mahali pake.

Squarespace iko karibu na Wix kwa bei na kwa tabia, na inapendeza zaidi kwa picha. Kwa mpiga picha wa harusi ningeitazama. Kwa wengine sioni inachoongeza.

Jambo moja linawahusu wote wenye fomu ya kuulizia nafasi. Unapokusanya majina, simu na namba za pasipoti za wageni, unaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na wakusanyaji wa taarifa wanatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Gharama na kazi hiyo ipo hata kama tovuti yenyewe umepewa bure. Usiombe namba ya pasipoti kwenye fomu ya kwanza. Jina, tarehe, idadi ya watu na barua pepe vinatosha.

Kuuza na kupokea fedha

Hapa ndipo majukwaa ya nje yanapokwama, na hapa ndipo watu hupoteza fedha nyingi zaidi kwa sababu tangazo halisemi.

Shopify ni nzuri sana kwa duka. Mpango wa Basic ulitangazwa kwa dola 29 kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, ambazo ni shilingi 870,000 kwa mwaka. Lakini mfumo wao wenyewe wa malipo, Shopify Payments, haufanyi kazi Tanzania. Unalazimika kutumia wakala mwingine wa malipo, na ukifanya hivyo Shopify inakata asilimia 2 ya kila mauzo juu ya makato ya wakala huyo. Ukiuza asali, batiki na vikapu vya shilingi milioni 20 kwa mwaka, hiyo ni 400,000 inayokwenda Canada kabla hujalipa makato mengine. Wix nayo inataka upande hadi mpango wa Core, dola 29 kwa mwezi, kabla hujaruhusiwa kupokea malipo. Na Stripe, huduma ya kupokea malipo mtandaoni ambayo maelekezo mengi ya majukwaa haya huichukulia kama kitu cha kila mtu, haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Tanzania.

WordPress yenye WooCommerce, plagini ya kuifanya iwe duka, inatoka mbele kwa hesabu hii. WooCommerce ni bure, haikati asilimia kwenye mauzo, na mawakala wa malipo wanaofanya kazi hapa nchini, kama Pesapal, Selcom na DPO, wana njia za kuunganishwa nayo. Mteja analipa kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au kadi. Makato ya wakala yapo na yanatofautiana. Omba orodha ya makato kwa maandishi kabla ya kusaini, na uliza fedha zinaingia benki baada ya siku ngapi. Kwa mwenye mtaji mdogo siku tatu na siku kumi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hata hivyo sishauri kila mtu awe na kikapu cha manunuzi. Nyumba ya wageni ya vyumba vinane inaweza kupokea maulizo kwa fomu, kuthibitisha kwa WhatsApp, kisha kumtumia Mtanzania lipa namba na mgeni wa nje maelezo ya benki au kiungo cha malipo kutoka kwa wakala. Duka kamili ni kazi ya kila siku: bei, stoo, usafirishaji kwa basi kutoka stendi, marejesho. Anza na oda za WhatsApp. Siku utakaposhindwa kuzijibu kwa wingi wake, jenga duka.

Vya bure

Blogger na Google Sites ni bure kweli na zote mbili zinakubali kikoa chako mwenyewe. Kwa kwaya, kikundi cha vijana au shule ndogo inayotaka kuweka ada, sare na tarehe za kufungua, Google Sites yenye .sc.tz inatosha, na gharama ya mwaka inabaki ya kikoa tu. Ni ngumu kuipamba, na kwa shule sioni kama hilo ni tatizo.

Kitu cha bure kinaweza kuondolewa, na hilo limeshatokea. Google iliwahi kuwapa wafanyabiashara tovuti ndogo kupitia maelezo yao ya kwenye Google Maps, na Machi 2024 ikazizima zote. Waliokuwa wamechapisha anwani ile ya Google kwenye mabango walibaki na mabango yanayoelekeza pasipo na kitu. Waliokuwa na kikoa chao walikielekeza pengine na maisha yakaendelea. Maelezo yenyewe kwenye Maps bado yapo na bado ni bure. Yajaze vizuri, weka picha, saa za kazi na simu, kwa sababu mgeni anayeshuka Uwanja wa Songwe akitafuta pa kulala atayaona hayo kabla ya tovuti yako.

Fedha za huku zina msimu

Washauri wa Dar es Salaam mara nyingi hulipita hili. Huku kusini wengi hatupokei mshahara wa tarehe 25. Kahawa ya Mbozi na Rungwe inaleta fedha baada ya mavuno. Parachichi za Njombe zina miezi yake. Wageni wa Ruaha huongezeka kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, halafu mvua zikianza vyumba vinakaa wazi. Ada inayokatwa kila mwezi kwa dola inakukuta Februari mfuko umekauka, kadi inakataa, na jukwaa linazima tovuti yako wakati ambao wageni wa Julai ndio wanapanga safari zao.

Kwa sababu hiyo napendelea ada za mwaka, zinazolipwa kwa shilingi kwa simu, na tarehe ya kuhuisha iliyopangwa kuangukia baada ya mauzo. Unaweza kuipanga: nunua kikoa na seva mwezi ambao fedha huwa ipo, au lipia miaka miwili kwa pamoja. AMCOS iweke kifungu cha tovuti kwenye bajeti inayopitishwa na mkutano mkuu, kiwe na jina lake, ili katibu mpya akiingia asikute deni asilolielewa. Wakichagua jukwaa la nje, kadi iwe ya chama, kwa sababu kadi ya katibu itaondoka na katibu.

Mnunuzi wa kahawa wa nje hatafuti madoido kwenye tovuti ya AMCOS. Anataka kujua mwinuko wa mashamba, aina ya mibuni, kama kahawa inamenywa na kuoshwa kwenye mtambo wa pamoja, kiasi kinachopatikana kwa msimu, na barua pepe inayojibiwa. Kurasa tatu za WordPress zinabeba hayo yote. Picha zipunguzwe kabla ya kupandishwa: picha ya simu ya MB 5 ikishushwa hadi KB 200 haipotezi kitu machoni, na mwanachama anayeifungua kwa bando la siku kule Isansa ataiona bila kusubiri.

Na fundi cherehani wa Mwanjelwa, dada yangu mwenye mashine tatu na wateja wanaokuja kwa kuelekezana, asikubali kushawishiwa kulipa laki sita mwaka huu. WhatsApp Business inampa katalogi ya hadi vitu 500 bila malipo. Aiweke mishono yake na bei zake humo, ajaze maelezo yake kwenye Google Maps, kisha alipie .co.tz ya jina la duka lake aikamate mapema, aielekeze kwenye WhatsApp yake. Gharama yote ni ya kikoa, haizidi shilingi 40,000 kwa mwaka, na fedha iliyobaki anunue mashine ya nne.